Mwamba wetu ukitangazwa hifadhi, sisi tunabaki na haki gani?

Swali: Assalamu alaykum, Maalim. Naishi upande wa magharibi wa Pemba, Wilaya ya Mkoani. Tangu enzi za bibi zetu, wanawake wa kijiji chetu hushuka mwambani wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana, kutafuta pweza na chaza. Mwaka huu tumeambiwa mwamba huo pamoja na kisiwa kidogo kilicho mbele yake vitakuwa hifadhi, na kisiwa atapewa mwekezaji. Ulifanyika mkutano, tukatia saini karatasi, tukapewa nauli. Mwanangu amesoma kuwa kuna haki za watu wa asili, na kwamba Wamasai na watu wa Kenya wamezipeleka mahakamani. Je, na sisi zinatuhusu? Au tukubali tu?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Nianze na karatasi mliyotia saini, maana hiyo ndiyo iliyonishughulisha kuliko yote katika barua yako. Karatasi ya mahudhurio inaonesha nani alifika mkutanoni. Haioneshi nani alikubali. Lakini ikishabanwa nyuma ya ripoti, na mbele yake pakaandikwa "jamii ilishirikishwa", atakayelifungua faili hilo miaka mitatu baadaye hataiona tofauti. Kwa hiyo kabla ya mikataba ya dunia na kabla ya mahakama, nendeni kwa sheha, ombeni muhtasari wa mkutano ule, msome kimeandikwa nini kwa jina lenu. Kama mmeandikwa kuwa mliridhia na hamkuridhia, lisemeni hilo kwa maandishi sasa, mambo yakiwa bado mabichi.

Alichosoma mwanao ni kweli. Tarehe 13 Septemba 2007 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili kwa kura 144, na Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Kifungu cha 10 kinakataza kuwahamisha watu hao kwa nguvu kutoka kwenye ardhi yao, na kifungu cha 32 kinazitaka serikali zitafute ridhaa yao kabla ya kupitisha mradi unaogusa ardhi na rasilimali zao. Ridhaa hiyo iwe ya hiari, itolewe mapema, na watu wawe wamepewa taarifa kamili. Shikeni mambo hayo matatu, nitayarudia.

Hao watu wa Kenya ni Waendorois na Waogiek. Waendorois waliondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Walipeleka malalamiko yao mwaka 2003 kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, na uamuzi ukatoka 2010: Kenya ilikuwa imevunja haki yao ya mali, ya dini, ya utamaduni, ya rasilimali na ya maendeleo. Pamoja na uamuzi huo, mwaka uliofuata ziwa lile lile liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia bila ridhaa yao. Tume ikalazimika kulilalamikia hilo rasmi. Waogiek wa msitu wa Mau walishinda katika Mahakama ya Afrika, Arusha, tarehe 26 Mei 2017. Serikali ilidai kuwa inawaondoa ili kuuokoa msitu. Mahakama haikukubali kuwa wao ndio chanzo cha kuharibika kwake, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na wapewe hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao.

Kesi ya Waogiek ndiyo inayowahusu ninyi zaidi, kwa sababu ilijibu hoja mtakayoisikia mara nyingi: kwamba uhifadhi ukishatajwa, haki za watu zinakaa pembeni. Hazikai pembeni. Anayetaka kuwaondoa watu kwa sababu ya mazingira anatakiwa aoneshe kuwa kuwaondoa ni lazima, na kwamba matumizi yao ndiyo yanayoharibu.

Sasa, je, ninyi ni watu wa asili kwa maana hiyo ya kisheria? Nitakuwa muwazi kwako. Msimamo wa serikali ya Tanzania kwa miaka mingi umekuwa kwamba Waafrika wote ni wenyeji, kwa hiyo hakuna kundi litakalotengwa peke yake. Mashirika ya haki, yanapozungumzia Tanzania, huwataja Wamasai, Wabarbaig, Wahadzabe na Waakie. Sisi Wapemba, pamoja na Watumbatu na Wahadimu, si kawaida kutajwa. Mnaweza kuupigania utambulisho huo, na haki ya kujaribu mnayo, lakini kwa ushauri wangu msitumie nguvu zenu hapo. Mtabishana miaka mitano juu ya ninyi ni nani, na huku mwamba umeshawekwa maboya.

Zipo njia ambazo hazikuulizeni asili yenu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unampa kila mtu haki ya mali katika kifungu cha 14, na watu wote haki ya kunufaika na rasilimali zao katika kifungu cha 21. Mkataba wa Bioanuwai, ambao Tanzania iliuridhia 1996, unazitaka nchi zilinde matumizi ya kimila ya viumbe hai yanayokwenda sambamba na uhifadhi. Mwongozo wa uvuvi mdogo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, uliopitishwa 2014, unazihesabu kazi zote za uvuvi, kuanzia kabla ya kuvua hadi baada yake, za wanaume na za wanawake. Na lile lengo la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030, lililopitishwa Montreal Desemba 2022, limeandikwa pamoja na sharti la kuheshimu haki za watu wa asili na za jamii za wenyeji. Akija mtu kukwambieni kuwa dunia inataka asilimia 30, mwambieni aisome sentensi yote.

Hayo ni ya dunia. Ya kwetu ni magumu zaidi, na nitakaa hapo kidogo.

Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya umma, na sheria ya ardhi ya 1992 imeiweka chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Wewe unapewa haki ya kuitumia. Miti ni habari nyengine: mnazi au mkarafuu una mwenyewe hata kama ardhi iliyo chini yake si yake, ndiyo maana barabara ikipita kondeni kwako watakuja watu na daftari, watahesabu minazi, watauliza umri wa kila mmoja. Mwambani hakuna atakayekuja na daftari. Wewe unajua pweza anakaa shimo lipi, unajua lipi limehamwa na lipi litapata mpangaji mpya baada ya bamvua mbili, na umelirithi hilo kwa mama yako. Katika karatasi za serikali, pahala hapo pameandikwa bahari, basi. Wanawake wa pwani hupotea hivi katika hesabu ya fidia bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Kisichoandikwa hakina thamani siku ya kulipana.

Ndiyo maana naliweka hili mbele ya yote: haki yenu kubwa imo katika matumizi yenu, na matumizi hayo lazima yaandikwe kabla mpaka wa hifadhi haujachorwa. Ukishachorwa, kila mtakalodai litaitwa ombi.

Anzeni mwezi huu. Bamvua ni mbili kwa mwezi, ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu. Mchukueni kijana mmoja aliyemaliza skuli, awe na daftari na simu yenye ramani. Maji yakikupwa ashuke nanyi. Aandike jina la kila sehemu ya mwamba kama mnavyoliita ninyi, apige alama ya mahali, aandike nani anapita hapo, anatafuta nini, kwa chombo gani, msimu gani, anapata kiasi gani na anauza kwa nani. Waulizeni bibi walioacha kushuka: njia ipi walipita, wapi palikuwa pa kupumzika, lini mwamba ulikuwa unaachwa upumzike. Andikeni na vya kisiwani: kisima, mahali pa kuswalia, mzimu kama upo, makaburi kama yapo, kuni, mahali wavuvi wanapopiga dago, yaani kambi ya msimu. Nakala moja ibaki kwa mtu mwenye sanduku lisilovuja.

Dago usiliache, ingawa wewe hukulitaja. Kamati za uvuvi zimepangwa kwa shehia, na mpiga dago si mkaazi wa shehia anayovulia. Anakuja na msimu, analala kisiwani wiki mbili tatu, anakausha samaki, anaondoka. Katika mikutano ya hifadhi yeye ndiye asiyekuwepo, na ni rahisi kijiji na serikali kukubaliana juu ya mgongo wake. Msilifanye hilo. Haki yake imesimama juu ya msingi ule ule wa matumizi mnaousimamia ninyi, na mkimkana yeye leo, kesho mtaulizwa kwa nini wenu ukubaliwe.

Misali inatufundisha mengi hapa. Kisiwa kile, magharibi ya Chake Chake, wazee wetu wanasema Nabii Hidhri alipokosa msala wa kuswalia alikitumia kisiwa chenyewe, kimeelekea Kibla. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwepo mpango wa kukitia mikononi mwa mwekezaji wa utalii. Wavuvi walipinga, na wahifadhi wakasimama pamoja nao, na walikuwa na la kuonesha: kisiwa hakikuwa kitupu. Palikuwa na madago, palikuwa na watu wanaotegemea miamba yake kutoka shehia nyingi za Pemba. Mwaka 1998 kikatangazwa hifadhi, sehemu ndogo ya bahari ikafungwa kabisa, na sehemu kubwa ikaachwa iendelee kuvuliwa kwa masharti. Baadaye wakaja walimu wa dini kuzungumza na wavuvi juu ya amana na ukhalifa wa mwanadamu duniani, na wavuvi waliwasikiliza kuliko walivyosikiliza vipeperushi. Mwaka 2005 eneo lote la mkondo wa magharibi ya Pemba likatangazwa hifadhi, Misali ikiwa ndani yake. Sehemu yenu ya pwani huenda imo humo tayari, kwa hiyo ulizeni wazi: mnatangaziwa hifadhi mpya, au ni masharti mapya ndani ya hifadhi ya 2005? Majibu hayo mawili yana taratibu tofauti.

Jozani, kule Unguja, wanayo mengine ya kutufundisha. Msitu ule ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na 2016 UNESCO ikautambua pamoja na ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya binadamu na viumbe hai. Mgeni anakwenda kumtazama kima punju, na kima punju anakula kondeni kwa mkulima wa kijiji cha Pete. Kwa miaka mingi mkulima alibeba hasara na mlangoni wakakusanya kiingilio wengine. Ulipopatikana utaratibu wa kugawana kiingilio, sehemu ikenda kwa vijiji na sehemu kwa wenye makonde wanayokula kima, mambo yalibadilika. Utaratibu huo bado una malalamiko yake, lakini umeandikwa, na mtu akilalamika ana karatasi ya kulalamikia.

Na upande wa misitu, sheria ya 1996 iliruhusu kijiji kuingia mkataba na idara ya misitu: ramani, maeneo ya kutumia na ya kuacha, kanuni za kijiji, kamati yenye majukumu. Mradi wa HIMA, wa kuhifadhi misitu ya asili, ulioanza 2010 ulizisaidia shehia nyingi za Unguja na Pemba kupata mikataba hiyo. Upande wa bahari, Sheria ya Uvuvi ya 2010 ipo na kamati za wavuvi zipo, ila mara nyingi kamati ina kazi ya doria kuliko ina haki mkononi. Nendeni mkauombe mkataba wa msitu wa jamii kutoka shehia yoyote jirani, muusome kifungu kwa kifungu, kisha muulize: kwa nini mwamba wetu usiandikiwe hivi?

Katika mkataba huo tenganisheni mambo mawili ambayo naona mkutano wenu umeyafunga pamoja. Hifadhi ni jambo moja na mwekezaji ni jambo jengine. Tangu 2021 serikali imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa ajili ya utalii, na hiyo ni sera yake ya wazi. Mnaweza kukubali mwamba uhifadhiwe na mkakataa njia ya kufika mwambani izibwe kwa sababu ya wageni wa hoteli. Mradi wa hoteli unahitaji tathmini ya athari za mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 2015, na wananchi wana nafasi yao humo. Ombeni kuiona ripoti kwa Kiswahili. Taarifa kamili, lile jambo la tatu nililokwambia ushike, haiwi kamili kwa lugha ambayo mama mwambani haisomi.

Jambo la pili lilikuwa mapema. Mkutano ulioitwa baada ya mwekezaji kuoneshwa kisiwa haukuwa mapema. La kwanza lilikuwa hiari, na hapo nauli inaniudhi. Kulipwa nauli si kosa, watu wametoka mbali. Kosa ni nauli kutolewa dakika ile ile karatasi inapopitishwa. Mkutano wa pili ombeni nauli itolewe mwanzo, na karatasi iwe na kichwa cha habari kinachosema waziwazi: mahudhurio tu.

Tena chagueni saa ninyi. Kwetu maji ya bamvua hukupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi, na hiyo ndiyo saa wanayoipenda maofisa kufungua mikutano. Siku hiyo wanawake wako mwambani, wanaume wamekaa barazani wanaamua juu ya mwamba. Nimeiona hali hii zaidi ya mahali pamoja na inanichoma kila mara. Andikeni katika barua kuwa mkutano juu ya mwamba ufanyike siku za maji mafu, ambapo maji hayakupwi sana, na kwamba kamati iwe na wanawake wanaoshuka wenyewe, si mke wa mjumbe aliyejazwa ili idadi itimie.

Na ninyi mwende na lenu mkononi. Mwamba umechoka, hilo mnalijua kuliko mimi. Matumbawe yanavunjwa kwa vyuma kumtoa pweza mmoja, wadogo wanachukuliwa kabla hawajazaa. Pweza hukua haraka sana na maisha yake hayapindukii sana mwaka, kwa hiyo mwamba ukiachwa miezi mitatu tu tofauti huonekana. Kufunga kwa muda kulianza Madagaska mwaka 2004, na kwetu Kisiwa Panza wamekufanya. Pendekezeni wenyewe sehemu ipi ifungwe, kwa muda gani, na siku ya kufungua nani aingie mwanzo. Hili la mwisho ni zito. Mwamba ukifunguliwa siku moja kwa wote, wenye miwani ya kuzamia na mashine watamaliza kabla ya wanaokwenda kwa miguu hawajafika, na mama aliyevumilia miezi mitatu atarudi na pweza wawili. Wekeni kanuni: siku ya kwanza ni ya wanaotembea kwa miguu.

Mahakama nimeiacha mwisho kwa makusudi. Tanzania ilijitoa mwaka 2019 katika tamko lililowaruhusu wananchi na mashirika kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika, kwa hiyo hamwezi kwenda huko wenyewe; hata kesi ya Waogiek ilifikishwa huko na Tume ya Banjul. Tume ya Banjul bado ipo, lakini inataka kwanza mmalize njia za ndani ya nchi, na Waendorois walingoja miaka saba kupata uamuzi na bado wanadai utekelezaji. Mahakama ya Afrika Mashariki inampokea mwananchi bila kumtaka amalize njia za nyumbani. Vijiji vya Wamasai wa Loliondo vilikwenda huko: vilishindwa Septemba 2022, vikakata rufaa, na Novemba 2023 hukumu ile ikafutwa na kesi ikarudishwa isikilizwe upya. Ila ina sharti moja linalowaangusha wengi: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kifanyike au tangu mlipokijua. Kwa hiyo tangazo likitoka, siku hiyo hiyo iandikeni tarehe mliyolipata na nani alilileta.

Kabla ya kufika huko, nendeni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, wana ofisi Pemba, au kwa msaidizi wa sheria wa jimbo lenu. Msiende mikono mitupu. Nendeni na lile daftari la mwambani, na muhtasari wa mkutano, na barua yenu kwa sheha. Barua hiyo iwe ya ukurasa mmoja: sisi ni nani, tunatumia nini na tangu lini, mkutano wa tarehe fulani haukuwa ridhaa, tunaomba ramani ya mpaka unaopendekezwa, ripoti ya mazingira kwa Kiswahili, na mkutano mwengine siku za maji mafu. Itieni saini wanawake wote wanaoshuka, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Fanyeni nakala tatu: moja ya sheha, moja ya ofisi ya wilaya, na ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa, irudi nyumbani nanyi.